Manamba Alikuwa na Jina: Tuzisome Karatasi za Babu Zetu



Kila tunapokutana, iwe ni sherehe ya uhuru au pilau la kuwakaribisha wanafunzi wapya, haipiti muda watu wanaanza kutajiana babu zao. Huyu babu yake alikuwa mwalimu wa misheni, yule wa kwake alikuwa akida, mwingine ati wa kwake alipigana Burma na KAR. Ni mazuri hayo na sina ugomvi nayo. Lakini huu ni mwaka wangu wa nne hapa Uingereza na sijamsikia hata mmoja wetu akisema kwa sauti, "Babu yangu alikuwa manamba." Jamani, inawezekana kweli? Ukifikiria watu waliopita kwenye mashamba ya mkonge, chai, kahawa na miwa kule kwetu, lazima tumo wengi humu tuliotokana nao. Tunanyamaza tu.

Basi naanza mimi. Babu yangu mzaa baba alikuwa manamba. Alitoka Buha, mkoani Kigoma, akaja Tanga kukata mkonge katika miaka ya 1950, na hakurudi tena kwao kuishi. Hoja yangu katika makala hii ni moja. Wazee wa namna hii tunawaheshimu vizuri zaidi tukizisoma karatasi za kazi walizotuachia, tukazisoma mbele ya wazee waliobaki, tukazitafsiri, na tukaiita kazi yao kwa jina lake. Na kazi hiyo ya kusoma ni yetu sisi tulioko vyuoni kuliko mtu mwingine yeyote. Nitaeleza kwa nini.

Wakenya mtanivumilia. Najua kwenu manamba ni yule kijana anayening'inia mlangoni mwa matatu akiita abiria. Kwetu Tanzania neno hili lina historia yake, na historia hiyo ina uchungu. Manamba ni kibarua aliyeandikishwa kwao, mbali, akapewa namba, akasafirishwa pamoja na wenzake kwenda kutumikia mkataba kwenye shamba la mlowezi au la kampuni. Jina lenyewe limetokana na hiyo namba. Mpaka leo mtu anayekataa kuonewa kazini husema, "Usinifanye manamba wako." Neno likishakuwa tusi, unaelewa kwa nini familia nyingi husema tu kwamba mzee alikuwa anafanya kazi kampuni, halafu mazungumzo yanahamia kwingine.

Mkonge wenyewe si mmea wa kwetu. Aliuleta Mjerumani, Dakta Richard Hindorf, mwaka 1893. Miche kama 1,000 ilisafirishwa kutoka Florida, Marekani, na iliyofika hai Pangani ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yakaja mashamba ya Tanga, Korogwe, Muheza, Morogoro na kwingineko. Waingereza walipoichukua Tanganyika waliendelea nayo. Vita Kuu ya Pili ilipofika na Wajapani wakaiteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, Uingereza na wenzake walikosa nyuzi za huko, wakaitegemea katani ya Afrika Mashariki, na watu wa Tanganyika wakachukuliwa kwa lazima kwenda mashambani. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 230,000, ikiwa ndiyo inayoongoza duniani. Kamba zile ndizo zilizofunga nyasi kavu za ng'ombe wa wakulima wa Ulaya na Marekani. Ukipita shambani huku ukaona marobota ya nyasi, kumbuka hilo.

Nani alikata mkonge wote huo? Wenyeji wa Tanga hawakutosha, na wengi wao walikuwa na mashamba yao wenyewe, hawakuitaka kazi ile. Kwa hiyo wenye mashamba waliwafuata watu mbali: Kigoma, Songea, Mbeya, Ruanda-Urundi, hadi Msumbiji. Mwaka 1944 walianzisha ofisi yao maalumu ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kama SILABU. Ndugu zetu wa Rwanda na Burundi, kwa hiyo, hadithi hii si ya Watanzania peke yao.

Malipo yalikwenda kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30 za siku za kazi. Ukimaliza kazi uliyopangiwa siku hiyo unatiwa alama. Usipoimaliza, siku haihesabiwi, hata kama ulishinda juani tangu alfajiri. Na kazi ya mkataji haikuwa mchezo: unakata jani la mkonge, unaondoa mwiba wa ncha, unafunga majani 30 bunda moja, unayabeba hadi kwenye reli ndogo ya shamba ili yapelekwe korona, yaani kwenye mashine ya kuchakatia. Utomvu unawasha, mwiba unachoma, nyoka nao hawakosi.

Hayo ni ya vitabuni, mtu yeyote anaweza kuyasoma maktaba. Sasa tuje kwenye sanduku la bati.

Bibi yangu yuko hai na kumbukumbu zake ziko sawasawa. Karatasi za babu ameziweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ndani ya bahasha ya kaki iliyofungwa kwa kamba ya katani. Likizo ya mwaka juzi nilimwomba ruhusa tukazitoa, tukazitandaza juu ya mkeka, bibi, baba, shangazi na mimi. Kulikuwa na vipande vitatu. Kadi ya mkataba yenye namba na alama ya dole gumba. Stakabadhi chache za mshahara. Barua moja ya onyo. Kitabu cha akiba cha Posta. Kadi ya TANU. Cheti cha kuacha kazi cha mwaka 1974. Cheti cha kisomo. Na daftari moja la shule lenye majedwali ya kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Basi. Kazi ya zaidi ya miaka 20 inaenea kwenye bahasha moja.

Kadi ya mkataba ndiyo inayomtaja kwanza. Umri wake umeandikwa kwa kukisia. Jina la baba yake limekosewa, na kwenye stakabadhi limekosewa tena kwa namna nyingine, kwa sababu karani aliandika alivyosikia na hakukijua Kiha. Kitu pekee ambacho hakikukosewa ni namba. Namba imenyooka kwenye kila karatasi.

Hapo ndipo utaona kwamba karatasi za namna hii zinahitaji mtu wa kuzijibu. Chukua ile barua ya onyo. Ni ya mwaka 1959, ya Kiingereza, mistari minne. Inasema mfanyakazi namba fulani hakuonekana kazini siku mbili bila ruhusa, na akirudia atachukuliwa hatua. Niliisoma kwa Kiswahili. Bibi akauliza, "Mwezi gani huo?" Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hizo ndizo siku tulizomzika shangazi yenu wa kwanza." Baba yangu ana zaidi ya miaka 60 na hakuwahi kuambiwa kwamba alikuwa na dada aliyemtangulia.

Sasa hebu tuliangalie jambo hili. Ukiwa na karatasi peke yake, babu ni mtoro wa kazi. Ukiwa na bibi peke yake, unajua mtoto alikufa lakini hujui lini, kwa sababu mwaka alishausahau. Vikikutana ndipo unapata ukweli mzima. Kipande kimoja nacho kina nafasi 30 lakini zilizotiwa alama ni 19 tu. Kwa karatasi, huyu ni mvivu. Kwa bibi, huyu ni mtu aliyechomwa na mwiba wa mkonge unyayoni, mguu ukavimba, akawa anakwenda shambani akichechemea na hamalizi kazi, basi siku hazihesabiwi. Karatasi iliandikwa na aliyekuwa juu yake, kwa faida ya aliyekuwa juu yake. Ndiyo maana nasema tusizisome peke yetu kwenye meza za maktaba. Tuzisome mbele ya wenyewe.

Na tukishaanza kuwauliza wenyewe, linazuka jambo lingine. Bibi naye alifanya kazi shamba lile lile. Alianika singa kwenye waya, alipikia vijana wa kambini waliokuja bila wake, alilima vihindi pembeni ya mistari ya mkonge ili posho itoshe. Jina lake halimo kwenye karatasi hata moja ya shamba. Karatasi zake yeye ni kadi ya kliniki ya watoto na kadi ya UWT. Tukisema tutawaheshimu wazee kwa nyaraka zao halafu tukaishia hapo, bibi zetu wote watakuwa hawakufanya kazi! Kwa hiyo palipo na karatasi ya babu, ulizia bibi alikuwa wapi siku hiyo, na uandike atakachokujibu. Maandishi yako ndiyo yatakuwa cheti chake cha kazi.

Lakini karatasi iliyonigusa kuliko zote ni kile cheti cha mwaka 1974. Wakati huo serikali ilikuwa imeshachukua mashamba mengi ya mkonge baada ya Azimio la Arusha la 1967, lakini cheti bado kilikuwa cha Kiingereza. Kinasema kwamba mwenye cheti hiki amefanya kazi miaka kadhaa, kwamba ni mtu mwaminifu, na kwamba tabia yake ni nzuri sana. Babu alikitunza mpaka alipofariki, na hakujua kinasema nini. Nilipomtafsiria bibi akasema, "Kumbe walimsifu?" Kisha akaongeza, "Sasa mbona hawakumwambia?"

Sina jibu zuri kuliko swali hilo. Mtu anasifiwa kwa lugha asiyoijua, anakabidhiwa sifa zake kwenye bahasha, anakwenda nazo nyumbani akidhani ni hati ya kufukuzwa kazi. Na onyo pia lilikuwa kwa lugha hiyo hiyo. Kwake yeye sifa na onyo vilifanana, vyote ni karatasi ya ofisini.

Na hiyo ndiyo sababu nasema kazi ni yetu. Babu zetu wengi walizitunza karatasi lakini hawakuweza kuzisoma. Baba zetu waliweza kuzisoma kwa shida, tena walikuwa na shughuli nyingi za kutusomesha. Sisi tunasoma Kiingereza mchana kutwa, tunaandika insha za maneno 5,000 kuhusu uchumi wa kikoloni, tunasahihishwa na maprofesa. Haiwezekani tukawa mabingwa wa kusoma nyaraka za watu wengine wote isipokuwa zile zilizo chini ya kitanda cha bibi. Wakati bado upo wa kuwa na karatasi mkononi na aliyeishi ndani yake ameketi mbele yako. Wakati huo ni mfupi, na watoto wetu hawataupata.

Kuna waliokwisha kusema, "Lakini hizo habari ziko kwenye nyaraka za serikali." Ziko, ndiyo. Hapa London, pale Kew, kuna majalada ya Wizara ya Makoloni kuhusu Tanganyika, mfululizo wa CO 691. Oxford, katika maktaba ya Bodleian, kuna karatasi nyingi za waliokuwa maofisa wa makoloni. Dar es Salaam kuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Nendeni kote huko, ni haki yenu. Ila utakachokuta ni hesabu ya vichwa: vibarua wangapi waliandikishwa, wangapi walitoroka, mshahara uongezwe au usiongezwe. Utamkuta manamba kwa maelfu na hutamkuta hata mmoja. Isitoshe, hata nyaraka hizo hazikuwa wazi zote. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ilipokuwa mahakamani London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imehifadhi kimyakimya majalada kama 8,800 ya yaliyokuwa makoloni 37, huko Hanslope Park. Jifunzeni hapo. Karatasi zisizo na maana hazifichwi.

Na msinieleze kwamba karatasi za nyumbani haziwezi kuwa mali ya taifa. Shaaban Robert, ambaye sote tumemsoma shuleni, aliishi maisha yake akiwa karani wa serikali ya kikoloni, na alikuwa akimwandikia barua ndugu yake Yusuf Ulenge. Ndugu yake akazitunza. Mwaka 2002 barua hizo, za kuanzia 1931 hadi 1958, zikachapishwa kuwa kitabu na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zilikuwa barua za kawaida kabisa za mtu na ndugu yake. Tofauti na za kwetu ni kwamba kulikuwa na mtu aliyezitunza na mtu aliyezisoma.

Tena kuna upande wa haki, si kumbukumbu tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, maelfu ya watumishi wa reli, bandari, posta na ndege walibaki na madai yao. Mwaka 1984 nchi tatu zilitia sahihi makubaliano ya kugawana mali na madeni, kila nchi ikachukua jukumu la mafao ya raia wake. Tanzania wazee wale waliendelea kudai kwa miaka mingi, mahakamani na barabarani. Katika madai ya namna hiyo mzee haulizwi alitoa jasho kiasi gani. Anaulizwa barua ya ajira iko wapi. Na msidhani ni mambo ya Afrika tu. Hapa hapa Uingereza, mwaka 2018 ilifichuka kwamba watu waliokuja kihalali kutoka Karibiani wakiwa watoto walikuwa wananyimwa kazi na matibabu, na wengine kufukuzwa nchini, kwa kukosa vithibitisho. Kumbe kadi zao za kuingilia nchini zilikuwa zimeharibiwa na serikali yenyewe mwaka 2010! Anayetegemea serikali imtunzie historia yake ajue anacheza bahati nasibu.

Najua pia watakuwepo wa kunipinga, na naomba niwajibu mapema.

Wa kwanza watasema, heshima ya kweli ni kumtumia bibi hela ya dawa, hayo ya makaratasi ni anasa ya wasomi. Mimi nasema tuma hela, na usiache. Lakini mwulize bibi yako anafurahi lini zaidi, ukimtumia hela na kukata simu, au ukikaa naye ukataka kujua alipita wapi. Moja halizuii lingine.

Wa pili watasema, ukimheshimu manamba unausifu ukoloni na wenye mashamba. Hapana. Nikisema babu alikata mkonge vizuri sisemi kwamba kipande kilikuwa haki. Nasema kwamba ndani ya mpango uliomtaka awe namba, yeye alibaki mtu. Waliojenga mpango ule wana ripoti zao, tena zimejalidiwa vizuri. Yeye ana bahasha ya kaki na sisi.

Wa tatu, na hawa nawaheshimu zaidi, watasema kuna mambo ya familia hayafukuliwi. Ni kweli. Karatasi zinaweza kuamsha ugomvi wa shamba, zikamtaja mke ambaye hatajwi, zikaleta kilio kama ile barua ya 1959. Kwa hiyo kwanza omba ruhusa ya wakubwa. Wakisema hii isitoke nje, isitoke. Lengo ni kuwatunzia heshima, hatutaki kuwavua nguo.

Sasa niseme kuhusu urithi, maana mtu ataniuliza, huyo babu yako manamba alikuachieni nini hasa? Nyumba ya udongo na bahasha. Lakini tazameni ndani ya bahasha. Kitabu cha akiba cha Posta kinaonyesha vishilingi vinawekwa kidogo kidogo mwaka mzima, na kila Januari pesa zimetolewa. Bibi hakuhitaji hata kufikiri: ni sare za shule. Halafu kuna cheti cha kisomo. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na babu akawa miongoni mwa wazee waliokaa jioni kwenye madawati ya watoto kujifunza kisomo chenye manufaa. Mwaka 1975 ulipofanyika mtihani wa taifa, akafaulu. Hicho ndicho cheti pekee kati ya vyote ambacho kimeandikwa kwa Kiswahili na ambacho alikisoma mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo linapoanza daftari. Ameandika mvua ilipoanza, nani anamdai sukari, mbuzi amezaa wangapi, mtoto yupi kaanza darasa la kwanza. Ukurasa wa Aprili 1984 ameandika kifo cha Sokoine, na mstari unaofuata bei ya debe la mahindi. Herufi zake zimelala upande kama mkonge uliopigwa na upepo, lakini zinasomeka. Na mwisho wa kila ukurasa ametia sahihi, ingawa hakuna aliyemwagiza. Mtu aliyeingia Tanga kwa dole gumba aliishia kuweka sahihi yake kwenye hesabu zake mwenyewe. Huo ni urithi, na mimi kuwa hapa nikiandika ni sehemu yake.

Mwisho, ushauri wa vitendo kwa wale mnaokwenda nyumbani likizo hii.

Asili zibaki nyumbani. Usije nazo huku kwenye begi ukazipoteza uwanja wa ndege. Si zako peke yako, ni za ukoo. Piga picha kwa simu, mbele na nyuma, mchana kwenye mwanga wa dirisha, na nakala ziwe kwa watu watatu tofauti. Usizitie plastiki ya moto wala kuziunga kwa selotepu, vyote viwili vinaziharibu. Ziweke kwenye bahasha safi, juu, mbali na mchwa na unyevu. Nyuma ya picha andika majina kwa penseli kabla aliyeyajua hajaondoka. Tafsiri kila karatasi kwa Kiswahili, au kwa Kiha, Kiganda, Kikikuyu, lugha yoyote mzee anayoisikia vizuri, na umsomee kwa sauti. Atakachosema kirekodi kama ameridhia, kisha kiandike siku hiyo hiyo, na nakala ya maandishi uiache humo sandukuni. Atakayefungua baada ya miaka 50 akute barua ya onyo na jibu lake pamoja.

Nina ombi pia kwa wahariri wa jarida letu. Tutengeni ukurasa mmoja kila toleo kwa ajili ya karatasi moja ya kazi: kipande, pasi ya reli, kadi ya chama cha ushirika cha kahawa, barua ya kuajiriwa ya nesi au ya karani, pamoja na maneno ya mzee anayeifahamu. Majina ya familia yanaweza kuachwa kama wenyewe wanapenda hivyo. Kazi itajwe kwa jina lake: mkata mkonge, kuli wa bandarini, yaya, mpishi, topasi. Tukifika mwisho wa mwaka tutakuwa na kitu ambacho Kew hawana.

Mimi nimeshatoa ya kwangu. Nani anafuata?